Mabadilishano

Walisema ni mabadilishano.
Neno refu, linajaza mdomo.
Nijuavyo, watu wakibadilishana
kila mmoja huondoka na cha mwenzake.
Nikahesabu vitanda vya chumba chetu, hosteli ya Mabibo:
kimoja changu, kimoja chake.
Mmoja kaja. Hakwenda mtu.

Nafasi ilikuwepo. Jina langu lilikuwepo,
Tunsume, herufi moja imekosewa.
Barua ya kukubaliwa ilikuja Novemba, kurasa tatu,
karibu hivi, karibu vile, njoo na koti zito.
Ya viza ikaja Januari, fupi kama risiti ya vocha.
Taarifa za benki za baba hazikuwaridhisha.
Baba anauza vipuri Ilala.
Pesa zake hazilali benki, zinalala dukani
ndani ya maboksi ya breki na plagi.

Machi akaja yeye, pamoja na masika:
Maarit, kutoka Oulu, na sanduku
lenye soksi za sufu alizofuma bibi yake.
Soksi za sufu, Dar!
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
"Bibi haamini," alisema,
"anajua dunia nzima ina Januari moja."

Nilimfundisha jinsi ndoo moja inavyotosha:
nusu mwili, robo nguo,
robo iliyobaki usiiguse hadi asubuhi.
Naye alinifundisha nisichojua kuwa nakijua.
Kwa nini mto wa maji na mto wa kulalia
ni jina moja?
Sijui, nikasema. Labda kwa kuwa
yote miwili humpeleka mtu mbali.
Akaandika kwenye daftari.
Kesho yake akamwambia mhadhiri, kana kwamba ni kanuni.

Mama Shukuru wa Msewe alimwita Marita,
akamwongezea maharage bila kuombwa.
Mimi, mteja wa miaka miwili,
nimekuwa nikililipia kijiko hicho.
Nilinuna? Nilinuna.
Nilikula kimya, nikahesabu maharage yake.

Siku Jangwani ilipojaa maji na mtihani ukaahirishwa
alisimama dirishani akiipiga picha mvua,
kisha akaishusha simu.
"Hiki kingekuwa kitanda cha nani," aliuliza,
"kama wewe ungekuwa kwetu?"
Nani alimwambia, mpaka leo sijui.
"Hujambo?" akasema.
Sijambo, nikajibu. Ningejibu nini?
Lugha yetu imelifunga jibu ndani ya swali,
mwenye jambo hana mlango wa kutokea.
Alifikiri kidogo, akatafuta kwenye daftari,
halafu akauliza vibaya, au vizuri:
"Una jambo?"

Ninalo.
Nikalia, na umeme, kwa adabu zake, ukakatika.

Muhula umekwisha, Julai ameondoka.
Uwanja wa ndege sikwenda, nilikuwa na mtihani wa takwimu.
(Ulikuwa saa nane. Ndege ilikuwa usiku.)
Ameacha neti, jagi,
nusu chupa ya dawa ya mbu
na soksi, zimekunjwa juu ya mto wangu.
Huu wa kulalia.

Jana usiku nilizivaa,
nikajilaza kwenye kitanda cha pili.
Jasho. Vidole vikawasha.
Nikafumba macho, miguu ikatangulia,
ikakanyaga mtaa nilioujua kwa ramani tu,
theluji ikisagika chini yake kama chumvi ya mawe.
Nilikuwa nimefika kwenye kona, duka la mikate liko kushoto,
mtu akapiga kelele koridoni:
maji yametoka!

Nikaruka. Nikashika ndoo.
Nikakimbia na Oulu miguuni,
na nilipofika bombani zilikuwa zimelowa chapachapa,
na mbele yangu watu kumi na wawili.